Masta silinda kubwa sio breki kali

Wasee, tuongee ukweli. Kila mara mtu anaposti Land Rover ya babu yake: ameng'oa dramu za mbele, ameweka diski zinang'aa, komenti zimejaa moto. Mimi huuliza kitu moja tu: umeweka masta silinda gani? Kimya.

Ama jibu mbaya zaidi: "Niliweka ile kubwa ndio ishike." Buda, hapana. Hii ni fizikia ya form one, na mimi niliacha chuo na bado naikumbuka. Nguvu ya mguu wako ni ileile. Ukitoka pistoni ya inchi 1 uende ya robo tatu inchi, presha inapanda karibu asilimia 78. Kubwa ndio inashika kidogo! Lakini ndogo nayo inataka pedali iende mbali zaidi, na kalipa hunywa mafuta mengi ya breki. Ukizidisha udogo, pedali inagonga sakafu na gari haijasimama. Kwa hivyo unapima kulingana na kalipa za mbele, silinda za nyuma, na kama kuna busta. Na busta sio urembo. Dramu ikizunguka huvuta breki shuu ijibane yenyewe. Diski haina huo msaada.

Halafu kuna wale wanaacha masta ya zamani. Masta nyingi za dramu zina valvu ndogo inayobakisha presha kwenye paipu hata ukiachilia pedali. Kwa diski, hiyo ni pedi kusugua safari yote hadi mafuta yachemke. DOT 3 mpya inafaa kuvumilia nyuzi 205. Ikishanyonya maji, hata 140 inaweza kuchemka. Mvuke ukiingia kwa paipu, unakanyaga hewa.

Sasa leta hiyo gari huku kwetu Kangeta, kwa miteremko ya Nyambene, na nyuma yako pikapu ya miraa inakimbiza mzigo usikauke. Haikungojei.

Na zile Land Rover za miaka ya 1960 nyingi zilikuja na masta ya njia moja. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Umeshafungua kila kitu, mbona usiweke ya njia mbili? Eti babu aliendesha hivyo miaka yote. Babu alikuwa anaenda spidi gani?

Kama uko na hiyo kazi saa hii, niandikie saizi ya masta na ya kalipa hapo chini. Picha ya rimu itangoja.