Mabani, Majiko na Ushuru: Hesabu ya Hewa Ukaa katika Halmashauri za Tabora

Mazungumzo kuhusu kupunguza hewa ukaa katika mamlaka za mitaa aghalabu huanzia kwenye taa za ofisi, magari na viyoyozi. Katika Mkoa wa Tabora, wenye halmashauri nane, hesabu hiyo haina budi kuanzia kwingine: kwenye jiko la shule ya bweni na kwenye bani la kukaushia tumbaku. Kote kuwili kinachoteketea ni kuni za miombo.

Kubana matumizi ya umeme wa ofisi ni jambo jema, na kila uniti ya LUKU inayookolewa ni fedha inayobaki katika mapato ya ndani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya umeme wa gridi sasa hutokana na maji, hususan baada ya mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, kukamilika. Kuzima taa kunapunguza ankara kuliko kunavyopunguza gesijoto.

Jikoni hali ni tofauti. Serikali ilielekeza taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile za watu zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa mji wenye shule kongwe za bweni kama Tabora Wavulana, alikosoma Mwalimu Nyerere, agizo hilo linagusa sufuria zinazopikia mamia ya wanafunzi kila siku.

Ugumu wake ni wa kifedha zaidi kuliko wa kiufundi. Mzabuni wa kuni huweza kuvumilia hadi fungu la shule liingie. Mtungi wa gesi haujazwi kwa ahadi. Halmashauri inayofunga mfumo wa gesi bila kutenga fedha za kuujaza itarudi kwenye kuni kabla ya muhula kwisha. Mkaa mbadala wa Rafiki unaotengenezwa na STAMICO unaweza kuziba pengo hilo, lakini inafaa ieleweke kwamba malighafi yake ni makaa ya mawe: unaokoa miti, ila hauondoi hewa ukaa yote.

Suala zito zaidi liko Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Tumbaku ilishika mizizi Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa. Zao linalolimwa huko ni tumbaku ya mvuke, ambayo majani yake hukaushwa kwa joto linalopita ndani ya mabomba ya bani, moto ukichochewa mchana na usiku kwa siku kadhaa. Mabani sanifu hupunguza kuni zinazohitajika, na wakulima hutakiwa kupanda miti kupitia vyama vyao vya msingi. Lakini mti uliopandwa mwaka huu haukaushi tumbaku ya mwaka huu, na bani la msimu huu hulishwa na msitu wa asili.

Hapo ndipo halmashauri inapojikuta katika nafasi mbili. Ndiyo msimamizi wa mazingira katika eneo lake, na ndiyo mpokeaji wa ushuru wa tumbaku, nguzo ya mapato ya ndani katika wilaya hizo. Kila kilo inayouzwa hujenga darasa au zahanati, na kila kilo imekula kuni. Lengo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka haliufuti mvutano huo iwapo hesabu inaishia kwenye miche iliyogawiwa bila kuonesha miti iliyopona. Takwimu za Serikali zinaonesha kuwa nchi hupoteza takribani hekta 469,420 za misitu kwa mwaka.

Njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita humuhumu Unyanyembe, na miembe iliyotokana na safari hizo ingali ikitoa kivuli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912; sasa reli ya kisasa ya umeme inajengwa kutoka Makutupora. Nafuu ya hewa ukaa itakayoletwa na treni hizo haiko mikononi mwa madiwani. Kilicho mikononi mwao ni kuhimiza na kusimamia misitu ya hifadhi ya vijiji inayoruhusiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kuufanya msitu uliosimama uwe na kipato.

Kipato hicho Tabora inakijua: asali. Mkoa una chuo cha ufugaji nyuki, na nyuki wa miombo hawahitaji mti ukatwe. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kuelekezwa kwenye mizinga na majiko banifu, ingawa vikundi vitahitaji wataalamu na soko la uhakika.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Bajeti ikiwasilishwa, fungu la nishati ya shule na fungu la kutunza miti baada ya kupandwa ndiyo ya kuangaliwa kwanza.