Mtoto Aliyesimama Mlangoni

Juma lililopita niliitazama tena Kill Bill, filamu ya Quentin Tarantino ya mwaka 2003. Ni filamu ya panga na damu, wala sikusudii kuipamba. Hata hivyo, mapema kabisa lipo tukio ambalo filamu nyingi za mapigano hulikwepa. Mwanamke anayelipiza kisasi amemuua adui yake jikoni. Anapogeuka, anamkuta binti mdogo wa marehemu amesimama akimtazama. Hamdhuru. Anamwambia kwamba akikua, na uchungu ukiwa bado haujamtoka, atakuwa akimngojea. Baadaye twaonyeshwa adui mwingine, O-Ren, ambaye utotoni alijificha chini ya kitanda wazazi wake walipokuwa wakiuawa. Alikua, akalipiza, na kuua kukawa ndiyo kazi yake.

Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba kisasi ni tabia ya binadamu au, vibaya zaidi, ya makabila fulani. Naliona jawabu hilo kuwa la uvivu. Mtoto hageuki muuaji kwa kuiona damu tu. Hudai kwa mkono wake kile ambacho hakuna mahakama wala ofisi iliyokubali kukisikiliza. Jirani zetu wa Burundi wanatosha kuwa mfano.

Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi kusini mwa nchi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Michel Micombero, iliyoshikwa na maofisa wa Kitutsi, ikajibu kwa kuwaangamiza Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, askari. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Wengi waliitwa kwa majina yaliyokuwa kwenye orodha, na orodha haijiandiki yenyewe. Hilo nawaachia watumishi wa umma walitafakari. Waliobaki hawakuruhusiwa hata kuomboleza hadharani. Wengi walikimbilia Tanzania, na ni katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, mwaka 1980, ndipo kilipozaliwa chama cha Palipehutu, ambacho baadaye kilishika silaha.

Miongoni mwa waliouawa mwaka ule alikuwemo baba yake Pierre Nkurunziza, aliyepata kuwa mbunge. Mwana akakua, akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Burundi. Oktoba 1993 wanajeshi wa Kitutsi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi. Watutsi wakachinjwa vijijini. Huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi wakachomwa moto. Jeshi nalo likawageukia Wahutu. Mwaka 1995 chuo kikuu kiliposhambuliwa na wanafunzi wa Kihutu wakauawa, mhadhiri yule akaingia msituni. Mwaka 2005 akawa Rais. Mwaka 2015 aliung'ang'ania muhula wa tatu, waandamanaji wakapigwa risasi, na watoto wa watu wengine wakavuka mpaka kuingia Kigoma.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ambao Nyerere aliusimamia hadi kifo chake na Mandela akaukamilisha, ulifanya jambo kubwa: jeshi ambalo hakuna kabila linaloweza kuzidi nusu yake si kitu cha kubezwa. Lakini Arusha iliahidi pia tume ya ukweli, na sheria ya kuiunda tume hiyo ilipatikana mwaka 2014. Viti viligawanywa upesi. Ukweli uliambiwa usubiri. Mwanzoni mwa mwaka 2020, huko Karusi, tume ilitangaza kufukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 waliouawa mwaka 1972. Ilikuwa haki yao, na haki iliyochelewa mno. Tatizo ni kwamba nguvu nyingi za tume zimeelekezwa kwenye makaburi ya mwaka ule mmoja, chini ya serikali ya wale waliofiwa mwaka ule. Wanafunzi walionusurika Kibimba wakati huo ni watu wazima sasa, na wao pia wana watoto wanaouliza makovu yale yametoka wapi.