Meza si Makumbusho: Chakula, Mama na Binti katika The Joy Luck Club

Kuna dhuluma ya kihakiki ambayo sisi wasomi wa Afrika tumeilalamikia kwa muda mrefu, tena kwa haki. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilipochapishwa mwaka 1958, wahakiki wengi wa Ulaya waliisoma kana kwamba ni ripoti ya mtafiti wa mila: jinsi kola inavyovunjwa mbele ya mgeni, jinsi mahari inavyojadiliwa, jinsi mababu wanavyotambikiwa. Okonkwo na mwanawe Nwoye, ambao kuvunjika kwa uhusiano wao ni jeraha kubwa la riwaya ile, waligeuzwa vielelezo vya kabila. Tulipinga usomaji huo, na tungali tunawafunza wanafunzi wetu kuupinga.

La kusikitisha ni kuwa tunaitenda dhambi iyo hiyo pindi tunapogeukia fasihi ya wengine. Katika semina zetu nimesikiliza mawasilisho kadhaa kuhusu The Joy Luck Club, riwaya ya Amy Tan ya mwaka 1989, na aghalabu yote hupita njia moja. Huanza na sehemu iitwayo "utamaduni wa Kichina", ambamo hutajwa vijiti vya kulia, karamu ya Mwaka Mpya na heshima kwa wazee. Kisha huja sehemu iitwayo "mgogoro wa vizazi". Kati ya sehemu hizo mbili hakuna daraja. Chakula huhesabiwa kuwa mandhari, nao uhusiano wa mama na binti ndio dhamira, kama kwamba mwandishi aliwaketisha wahusika mezani ili wasichoke miguu.

Makala haya yanashikilia kuwa katika riwaya hii adabu ya meza ndiyo lugha ambamo uhusiano huo unasemwa, unavurugika na kubadilika. Asiyeisoma meza hajamsoma mama wala binti.

Tuchukue karamu ambayo Waverly Jong anamleta mchumba wake Mzungu, Rich, kwa wazazi wake huko San Francisco. Rich anakuja na mvinyo na kunywa glasi mbili tele ilhali wengine wameonja kidogo tu. Anajipakulia fungu kubwa mara ya kwanza, badala ya kuchukua kidogo na kurudiarudia kama afanyavyo baba mkwe mtarajiwa. Wakati wa kuaga anawaita wazee kwa majina yao ya kwanza, tena kwa makosa: Linda na Tim, ilhali ni Lindo na Tin. Lakini kosa lililo zito kuliko yote ni la upole. Lindo anaketi, anaonja kile chakula anachojivunia kuliko vyote, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mvuke pamoja na mboga za kuhifadhiwa, kisha analalamika kuwa hakikukolea chumvi. Kaida inadai kwamba mpishi akitweze chakula chake, na walaji waonje na kukanusha kwa nguvu. Rich anamwamini. Anakimwagia sosi nyeusi ya soya.

Msomaji wa Mwambao hahitaji tanbihi hapa. Mwenyeji anayekukaribisha kwa kusema hamna kitu, tule tu tulichojaliwa, huku sinia la pilau linafuka mvuke mbele yako, anazungumza lugha ya Lindo. Ole wake mgeni atakayejibu kuwa ni kweli, hamna kitu.

Mhakiki wetu akifika hapa huandika "mgongano wa tamaduni" na kufunga daftari. Hajauliza swali la kwanza kabisa la usimulizi: nani anayeyaona makosa haya? Rich hayaoni, anaondoka akiamini mambo yamekwenda vizuri. Lindo hasemi neno. Anayeyahesabu moja baada ya jingine ni Waverly, binti aliyezaliwa Marekani, ambaye amekuwa akijigamba kwamba amejinasua kutoka mikononi mwa mama yake. Usiku ule anagundua kuwa anamtazama mchumba wake kwa macho ya mama. Kila kijiti kinachoteleza mkononi mwa Rich kinamuumiza kwa sababu yeye ni mtoto wa meza ile, na hajapata kuondoka hapo. Kesho yake anakwenda kumkabili mama na kumkuta amelala kwenye kochi, mdogo, hana silaha yoyote, hata kwa kitambo anadhani amekufa. Bila ya ile sosi, hofu hii haina mzizi. Ondoa karamu kwa kuwa ni "utamaduni" tu, na badiliko la binti litabaki kuwa tangazo lisilo na sababu.

Upande wa pili wapo wanaokishuku chakula chenyewe. Frank Chin, katika insha ndefu iliyochapishwa mwaka 1991 kwenye mkusanyo wa The Big Aiiieeeee!, aliwashutumu Maxine Hong Kingston na Amy Tan kwa kughushi urithi wa Kichina ili uwapendeze Wazungu. Ni yeye pia aliyelipa jina la ponografia ya chakula lile tendo la mwandishi kujipatia riziki kwa kuonyesha ugeni wa mapishi ya kwao. Hoja hii ina uzito, na wapo waandishi inaowapata sawasawa, wa kwetu wakiwamo: ni mara ngapi tumeuzwa kwa watalii kwa harufu ya karafuu? Hata hivyo, Chin na wale wahakiki wetu wa "utamaduni wa Kichina" wanakubaliana katika jambo moja bila ya kujua. Wote wanadhani chakula kimewekwa pale kwa ajili ya mtu wa nje anayetazama. Mmoja anashangilia onyesho na mwingine analikemea.

Dhana hiyo inakwama kwenye sura ya kaa. Suyuan Woo anaandaa karamu ya Mwaka Mpya na kununua kaa, kila mtu na wake, pamoja na mmoja wa ziada aliyekatika mguu sokoni. Waverly anakuja na mtoto mdogo ambaye hakuhesabiwa. Sahani inapopita, Waverly anamchagulia mtoto wake kaa bora, kisha anamchagulia Rich, kisha anajichagulia; na ustadi huo wa kuchagua aliurithi kwa mama yake, ambaye naye anachukua kilicho bora kinachofuata. Mwishoni wanasalia wawili. Jing-mei, binti wa Suyuan, ananyoosha mkono kwa yule aliyekatika mguu, na mama anamzuia, anampa aliye mzima. Yule mbovu anauchukua mwenyewe, anaunusa, anaupeleka jikoni bila ya kuula.

Hapa hakuna la kumshangaza mtalii. Kila familia mezani pale imejidhihirisha kwa namna ilivyonyoosha mkono. Baadaye, wageni wamekwisha kuondoka, mama anamvisha Jing-mei kidani cha kito cha jade na kumwambia kuwa aliona: ni yeye peke yake aliyemtaka kaa yule. Binti aliyeamini maisha yake yote kwamba mama anamwona mshindwa anagundua kuwa alikuwa anatazamwa kwa jicho jingine. Riwaya ina mama wanne na mabinti wanne lakini sauti saba, kwani Suyuan amekufa kabla haijaanza. Tunaiona karamu hii kupitia kumbukumbu ya binti aliyemo jikoni mwa marehemu, akimpikia baba yake.

Na wanaotaka Uchina halisi, Amy Tan amewawekea mtego katika sura ya mwisho. Jing-mei anawasili Guangzhou pamoja na baba yake, akitazamia karamu yake ya kwanza ya Kichina kwelikweli. Jamaa zake wanaagiza waletewe chumbani hotelini hambaga, chipsi na pai ya tufaha. Sijasikia wasilisho hata moja lililoitaja hambaga ile.

Nami sijitoi lawamani. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliniletea insha ya kurasa 12 kuhusu sura ya kaa peke yake: nani alichukua wa kwanza, nani wa pili, mkono wa mama ulipita wapi. Nilimrudishia nikiwa nimeandika pambizoni kwa wino mwekundu kwamba atangulize maelezo ya desturi za Wachina, na kwamba sioni dhamira iko wapi. Alitii. Insha ya pili ilikuwa na utamaduni katika sehemu ya kwanza na mgogoro wa vizazi katika ya pili, nami niliipa alama nzuri.