Asali ya Pemba isiuzwe kwa jina la kuazima

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kidogo bei za karafuu na mchele ili kuitazama bidhaa ndogo iliyokwisha pata nafasi katika maduka ya zawadi ya Unguja: asali ya visiwani ndani ya chupa za kioo. Wateja wapo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 638,000, na wengi wao hutafuta kitu cha kupeleka kwao kisichokuwa khanga wala kinyago.

Tupige hesabu. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 28, yaani chupa 200 za mililita 100. Tuseme, kwa mfano tu, ndoo hiyo imekugharimu sh. 240,000 mpaka ikufikie dukani. Asali iliyomo katika kila chupa ni ya sh. 1,200. Chupa, kifuniko na lebo kwa urahisi vitazidi hapo, kwa hiyo mwekezaji mdogo ajue kwamba mtaji wake mwingi utalala katika kioo na karatasi. Wala kipimo cha mililita 100 si urembo. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vimezuia vimiminika vinavyozidi kipimo hicho katika mzigo wa mkononi, na asali imo. Nchi za Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na kilo 2 kwa matumizi yake, lakini anayekwenda New Zealand atanyang'anywa mlangoni. Muuzaji mwungwana humwuliza mteja anakoelekea kabla ya kupokea fedha.

Hayo yote yanarekebishika. Linalonitia wasiwasi ni jina.

Katika duka moja la Mji Mkongwe, ambalo sitalitaja, nilikuta chupa nzuri zimeandikwa kuwa ni asali ya Pemba. Nyuma ya kaunta palikuwa na ndoo yenye maandishi ya Tabora. Nilipomwuliza kijana wa duka, alicheka. "Kaka, mtalii hajui tofauti. Asali ni asali." Kwa upande mmoja hakukosea: asali ya miombo ya Tabora ni nzuri na ina sifa yake yenyewe. Basi kwa nini isiuzwe kwa jina lake? Mrina asali wa Pemba, mwenye mizinga michache karibu na mikoko au msitu wa Ngezi, hawezi kushindana kwa wingi na bara. Kitu pekee anachoweza kuuza kwa bei ya juu ni jina la kisiwa chake, na hilo ndilo linalochukuliwa bila malipo.

Wenzetu wa visiwa vingine walishtuka mapema. Kangaroo Island, huko Australia, ilifanywa hifadhi ya nyuki wa Liguria kwa sheria ya mwaka 1885, na hadi leo mgeni haruhusiwi kuingia kisiwani na asali yake. Corsica ilipata ulinzi wa jina la asali yake nchini Ufaransa mwaka 1998. Zanzibar nayo haina sababu ya kulalamika kwamba hakuna sheria, kwani Sheria ya Mali za Viwanda ya mwaka 2008 imeweka nafasi ya kusajili majina ya kijiografia. Kinachotakiwa ni warinaji kuungana na kuomba.

Kuna na hii "asali ya karafuu" inayowavutia sana wageni. Mkulima wa karafuu huchuma vikonyo kabla havijafunguka, na ua lililofunguka kwake ni hasara. Je, nyuki wamepata wapi maua ya kujaza madebe? Mara nyingi ni asali ya kawaida iliyotiwa karafuu. Si haramu na wala si mbaya kwa chai, lakini lebo iseme hivyo.

Jambo la mwisho ni maji. Viwango vya kimataifa vinataka unyevu usizidi asilimia 20. Hewa ya visiwani ni nzito, na asali huvuta unyevu huo. Ikirinwa kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta, itachacha na kifuniko kitafumuka ndani ya sanduku la mgeni, juu ya nguo zake. Mteja huyo hatarudi. Kipimo cha unyevu cha mkononi hakimshindi mfanyabiashara yeyote mwenye duka, nami sioni sababu ya kununua ndoo bila kukipitisha. Asali iliyoganda, kwa upande wake, isikutishe. Kuganda ni tabia yake, si ushahidi wa sukari.

Kwa anayetaka kuingia sokoni kabla ya msimu wa Juni, ushauri wangu ni aanze na ndoo mbili kutoka kwa mrina anayemjua kwa sura, na aandike kwenye lebo shehia ya mzinga na mwezi wa kurina. Zikimalizika Agosti, aandike "zimekwisha" mlangoni, asikimbilie bandarini kutafuta ndoo ya kujazia.