Platini Peke Yake Haitoshi

Sisi wote wa shimi-biolojia tunajua yale maneno kwa kichwa: katalizeri ni kitu chenye kuharakisha reaksio, na mwisho kinabaki vile kilikuwa mwanzo. Tunayaandika katika egzame, tunapata pointi, basi. Mimi ninaona ile sehemu ya pili iko ya kweli katika kitabu kuliko katika kiwanda. Katika kiwanda katalizeri inachoka.

Juu ya nini inachoka? Tuchukue platini. Inafanya kazi kwa uso wake tu. Atomu zenye kuwa ndani hazigusi kitu. Ndiyo maana wataalamu wanaifanya kuwa chembe ndogo sana. Kipande chenye sentimeta 1 kila upande kiko na uso wa sentimeta mraba 6. Ukikikata kuwa vipande vya nanometa 2, uso wote pamoja unafika meta mraba 3 000, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Fanyeni hesabu wenyewe, mutaona. Lakini chembe ndogo hivyo hazipendi kukaa peke yake. Zikipata joto zinatembea, zinashikamana, zinakuwa kubwa, na ule uwanja unapotea. Tena salfa ao monoksidi ya kaboni inakuja kukaa juu ya uso na kukataa kutoka. Na platini haichagui: molekule mbili zenye kufanana kazi zikifika, inazipokea zote, hata kama sisi tulitaka moja tu.

Wengi wakisikia hivi wanasema, basi watafute madini ya nguvu zaidi. Mimi ninasema hapana, tuangalie kwanza nguo ya kuivalisha.

Katika mwaka 2012 Fengwei Huo na wenzake, kule Singapore, waliandika katika gazeti Nature Chemistry namna ya kufunika chembe hizo na ngozi ya kristali yenye matundu. Kazi yenyewe haiombi moto mkali. Kwanza chembe zinapakwa polimeri yenye kuitwa PVP. Kisha zinatiwa katika metanoli pamoja na nitrati ya zinki na 2-metilimidazoli, na kuachwa katika joto la chumba. Zinki na ile molekule zinashikana mikono, zinajenga kristali yenye kuitwa ZIF-8. Chembe zinanatana na uso wa kristali, kristali inaendelea kukua, inazimeza. Na hapa kuko jambo lenye kunifurahisha sana: ukitia chembe mwanzo, zinabaki katikati, ukizitia nyuma, zinakaa karibu na ganda. Saa ya kutia ndiyo inaamua mahali.

Mlango wa ZIF-8 uko na upana wa nanometa 0,34 hivi. Walijaribu wakati platini ilikuwa ndani. Heksene, yenye kuwa nyembamba sawa kamba, iliingia na kupokea idrojeni. Siklookteni, yenye mwili wa duara, ilibaki inje. Tena hiyo siklookteni ni mpelelezi mzuri: ikibadilika, ujue kuko platini yenye haikufunikwa. Kwangu mimi jaribio hilo liko na akili kupita picha zote za mikroskopu.

Si kusema ngozi hii ni dawa ya kila ugonjwa. ZIF-8 inayeyuka katika asidi. Na ngozi ikiwa nene sana, molekule zinachelewa njiani. Mwenye kutaka mbio tu, itamusumbua; mwenye kutaka kuchagua, itamusaidia.

Ndugu mmoja wa darasa aliniambia: «Hayo ni mambo ya Wazungu wenye feza.» Sikubali. Zawadi ya Nobel ya shimi ya mwaka 2025, juu ya kristali za namna hii, walipewa Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa chuo kikuu cha Melbourne, na Omar Yaghi, mwenye kuzaliwa Amman katika jamaa ya wakimbizi Wapalestina. Na zinki? Mugodi wa Kipushi ulianza tena kuitoa mwaka 2024. Ukiweka kobalti pahali pa zinki, pamoja na molekule ile ile, unapata ndugu yake ZIF-67. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka Congo yetu. Inapita barabarani katika lori, na sisi tunajua jina lake na bei yake tu.

Kwa hiyo ninaomba walimu wetu kitu kidogo, chenye hakiombi feza nyingi. Siku ya somo la katalizeri, tuletewe maji ya oksijeni ya dispensere na viazi bichi viwili vya uzito mumoja, kwa maana kiazi kiko na katalizeri yake ndani. Kimoja kibaki kizima, kimenywe tu; kingine kisagwe. Tuone povu ya wapi ni nyingi. Kisha tutie maji ya oksijeni mapya juu ya kile kilichosagwa mara tatu, mara ine, tukipima kwa saa. Kama inachoka, tuandike katika kaye kwamba imechoka, hata kama kitabu kinasema ingine.