VPN kwenye simu: nani anaisimamia?

Tangu mtandao wa X ufungwe nchini Mei 2025, wasikilizaji wengi wametuuliza VPN ipi ni nzuri. Sisi tungeanza na swali jingine: hiyo VPN anaisimamia nani?

VPN huyafunga mawasiliano yako kwa siri na kuyapeleka kwanza kwenye seva iliyo mbali, mara nyingi nje ya nchi, ndipo yaende unakotaka. Kampuni ya laini yako inaona umeunganishwa na seva hiyo, haioni kurasa unazofungua. Hivyo programu iliyozuiwa hufunguka. Ila intaneti yote ikizimwa, kama ilivyokuwa kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025, VPN haina pa kupita. Wala haiongezi bando. Inakula zaidi kidogo.

Sasa msimamizi. Kilichofichwa kwa kampuni ya simu kinapita mikononi mwa mwenye VPN. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure ikiitangaza kuwa ni ya kuwalinda, huku ikitumia taarifa zao kujua wanatumia programu gani nyingine. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ilitoza kampuni zake mbili faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo. Ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe anakula mahali.

Kuna jambo lisilosemwa sana. VPN unayoiwasha kwa kidole huweza kuzimika mtandao ukiyumba, au simu ikiizima kuokoa chaji, nawe ukaendelea kuperuzi ukidhani umefichika. Mafundi wa kompyuta za Linux hawaiachi hivyo. Wanaikabidhi kwa mfumo wenyewe, uiwashe kompyuta inapowaka na kuiinua kila inapoanguka. Android imejengwa juu ya Linux, na simu nyingi zina njia kama hiyo: ingia Mipangilio, tafuta VPN, gusa alama ya gia kando ya jina lake. Swichi moja huifanya iwake muda wote. Ya pili huzuia chochote kisipite nje ya VPN. Ukiiwasha hiyo ya pili, VPN ikianguka intaneti inakata kabisa, kwa hiyo usianze kugombana na kampuni ya simu.

Kisha sheria. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe kabla ya tarehe 30 mwezi huo na kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Benki au ofisi yenye anwani isiyobadilika inaweza kujaza fomu hiyo. Simu ya kijijini hubadilishiwa anwani mara kwa mara, na mwenye simu hata haioni. Tunaona utaratibu huu uliandikwa kwa ajili ya ofisi, lakini adhabu yake inamgusa hata mwenye simu moja.