KAZI YA INSPEKTA HAIISHI UJENZI UKIPUNGUA

Kuna watu wasemao ya kwamba inspekta wa majengo hana kazi wakati ujenzi umepungua. Huuliza: "Akague nini? Si anakula mshahara wa bure?" Mwaka 2024 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilifika asilimia 13, mikopo ikawa ghali, na kazi ya ujenzi katika nchi ikapungua. Basi maneno hayo yakazidi. Mimi nayapinga.

Sisi watu wa reli twajua jambo hili. Hata siku yenye treni moja tu, mtu wa genge hutembea njia na spana yake. Hukaza bolti, hutazama taruma lililooza na kalvati lililozibwa na mvua. Tena siku ya treni chache ndiyo siku njema ya kufungua reli mbovu na kuweka nyingine, kwa kuwa abiria hacheleweshwi.

Inspekta naye ni hivyo hivyo. Ujenzi ukiwa mwingi huitwa huku na huku: msingi huu, nondo zile, zege ya ghorofa ile. Hufika mbio, hutia sahihi, huondoka. Ujenzi ukipungua, nafasi imepatikana. Kazi zipo tatu.

Kwanza, azikague nyumba ambazo watu wamekwisha kuhamia. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, kando ya mto. Watu karibu 50 walikufa. Wakuu walisema ya kwamba nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuamriwa ivunjwe. Lakini wapangaji walikuwamo, na kodi ililipwa. Alama nyekundu ya X ukutani haimwokoi mtu asipokuwapo wa kurudi kuuliza kwa nini bado analala humo.

Pili, ayatazame majengo yaliyoachwa nusu. Nondo zilizo wazi huliwa na kutu mwaka hata mwaka. Siku mwenye jengo apatapo fedha, humwaga zege juu ya kutu ile ile, tena pengine huongeza ghorofa ambayo haimo katika ramani. Inspekta na afike kabla ya zege, si baada ya msiba.

Tatu, afungue mafaili. Ni ilani ngapi zilizotolewa zisifuatwe? Ni ramani gani iliyopitishwa kuwa nyumba ya ghorofa tatu, na leo ni sita?

Sisemi ya kwamba mainspekta wote ni watu safi. Wako wanaopitisha siku za uhaba wa kazi kwa chai ofisini, na wako wanaozunguka kutafuta kitu kidogo. Hao wanatutia aibu sote. Lakini tusiwabebeshe wao peke yao. Inspekta hawezi kukagua mtaa mzima kwa miguu, bila gari wala petroli. Tena ada ya ramani mpya ikipungua, wakubwa huanza kusema wapunguze watu. Hiyo ni kuipindua kazi chini juu. Usalama wa mpangaji haupungui kwa sababu matajiri wameacha kujenga.

Kwa hiyo twataka mambo haya. Serikali za kaunti zisiwaachishe kazi mainspekta wakati wa uhaba. Wapewe magari, na orodha ya nyumba za kukagua kila mwezi. Orodha hiyo ibandikwe mahali pa wazi, pamoja na yale waliyoyaona, ili mpangaji asome mwenyewe.

Nasi tunayo sehemu yetu. Ukiona nguzo imepasuka, au mlango umeanza kukataa kufunga kwa sababu ukuta umelala, mwambie jirani, kisha lete habari katika mkutano wa tawi ili chama kiandike barua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na watakaokuwa chini ya ukuta huo ni wake zetu na watoto wetu.